Kimeo cha Mtoto: Kutoka Madina Hadi Milima ya Usambara



Kila sifa njema ni ya Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na masahaba zake wote. Amma baad.

Ndugu yangu, darsa ya leo ni ndefu kidogo. Chai yako iwe karibu, usome mpaka mwisho, kwani inahusu roho za watoto wetu.

Ilikuwa Lushoto, mwezi wa saba, ule wakati ambao ukungu unashuka kutoka Magamba na hata adhuhuri unatembea na sweta. Nimemaliza darsa ya akina mama baada ya Alasiri. Dada mmoja akabaki nyuma na mtoto mgongoni, wa kiume, hajafika miaka miwili. Mtoto anakohoa. Akaniambia: "Shehe, mwanangu anakohoa wiki ya nne sasa. Mama mkwe anasema ni kimeo, kimerefuka, kinamkwaruza koo. Kesho anataka tumpeleke kwa mzee akakikate. Mimi naogopa. Lakini nikikataa, nitakuwa nimemvunjia heshima mama wa mume wangu. Dini inasemaje?"

Nikamwambia: "Mama, suala la dini nitakujibu. Lakini la kikohozi usilisubiri kwangu. Mtoto huyu aende hospitali, na wembe usimguse."

Alipoondoka nikakaa na swali lake. Wengi wetu tumekulia katika nyumba ambazo kukata kimeo ni jambo la kawaida kama kunyoa nywele. Na wapo wanaodhani ni sehemu ya dini. Basi twende pamoja, tuitazame historia yake.

KIMEO NI NINI?

Chukua kioo, simama penye mwanga, fungua kinywa, sema "aaa". Juu ya ulimi kuna paa. Ukiligusa kwa ulimi, sehemu ya mbele ni ngumu, ndani yake mna mfupa. Hilo ni kaakaa gumu. Rudisha ulimi nyuma: paa linakuwa laini, halina mfupa. Hilo ni kaakaa laini. Na mwisho wake, katikati, kinaning'inia kinyama kidogo. Hicho ndicho kimeo. Wengine husema kimio, wengine kilimi, yaani kijiulimi kidogo. Waarabu hukiita lahaat. Na Kiswahili kina jina jingine zuri zaidi: kidakatonge. Hebu litafakari jina hilo. Wazee waliolitunga walijua kwamba kinyama hiki kimesimama pale ambapo tonge linapita.

Na ndivyo ilivyo. Kaakaa laini ni kama mlango wa pazia. Lina misuli ya jozi tano. Unapomeza, misuli hiyo inalivuta juu na nyuma, linaziba njia ya puani, na ugali na maji vinashuka kooni bila kupanda puani. Unapopumua kwa pua, linateremka na kuacha hewa ipite. Baadhi ya misuli hiyo hufungua kijia kinachounganisha koo na sikio, ndiyo maana ukishuka na gari kutoka Soni hadi Mombo masikio yakaziba, ukimeza mate yanazibuka.

Allah katika Suratul Balad anamkumbusha mwanadamu kwamba amempa macho mawili, ulimi na midomo miwili. Nyuma ya ulimi huo kuna pazia hili ambalo hatujawahi kulishukuru. Sisi mitaani tumelifanyia kinyume: simu mbovu tunaiita kimeo, gari linalokufa kila siku tunaliita kimeo. Kiungo kizima tumekigeuza jina la kitu kibovu!

KAAKAA NA QUR'ANI

Sasa fanya jaribio moja. Ziba pua kwa vidole viwili, kisha tamka "inna" kwa kuvuta ghunna kama ulivyofundishwa madrasa. Sauti inakwama, sivyo? Sasa, pua ikiwa bado imezibwa, tamka "baa". Inatoka bila tabu.

Sababu ni kaakaa laini. Kwenye nuni na mimu linashuka, sauti inapita puani, hiyo ndiyo ghunna. Kwenye herufi nyingine linapanda na kuifunga pua. Msomaji wa Qur'ani analipandisha na kulishusha mara nyingi kuliko anavyopepesa macho, wala hajui.

Wanazuoni wetu waliliona hili mapema mno. Al-Khalil bin Ahmad al-Farahidi, aliyefariki karibu mwaka 175 Hijria, ni mtu wa kabila la Azd mwenye asili ya Oman, aliyeishi Basra. Alipopanga kamusi yake, Kitab al-Ayn, hakufuata alifu, bee, tee. Alipanga herufi kwa mahali zinapotoka, akaanza kooni na kumalizia midomoni. Alipofika kwenye qafu na kafu aliziita lahawiyya, yaani herufi za kwenye lahaat, kwenye kimeo. Kwa hiyo mtoto wa madrasa pale Mlalo au Bumbuli anaporudishwa na ustadhi wake mara kumi aseme qafu na si kafu, anafundishwa elimu ya kaakaa iliyoandikwa zaidi ya miaka elfu moja na mia mbili iliyopita.

Kaakaa la mtoto ndipo matamshi yake ya Qur'ani yanapotengenezwa. Ukishalijua hilo, twende Madina.

MADINA: TENDE NA KIDOLE

Mtume (S.A.W.) alipohamia Madina, mtoto wa kwanza kuzaliwa huko kwa Muhajirina alikuwa Abdullah bin Zubayr. Mama yake, Asmaa binti Abubakar (R.A.), alimzalia Quba. Akampeleka kwa Mtume, akampakata, akatafuna tende, akampaka mtoto kwenye kaakaa lake, akamuombea baraka. Kitendo hiki tunakiita tahniki, na neno lenyewe limetokana na hanak, yaani kaakaa. Mtoto wa Kiislamu akija duniani, kaakaa lake linapokelewa kwa utamu na dua.

Sasa sikiliza kisa cha pili, ndicho kilichonifanya niandike.

Ummu Qays binti Mihsan (R.A.), dada yake Ukkasha bin Mihsan, alikuwa miongoni mwa wanawake wa mwanzo kuhama. Siku moja alimwendea Mtume (S.A.W.) akiwa na mwanawe mdogo. Mtoto alikuwa na maradhi ambayo Waarabu waliyaita udhra, na mama yake alikuwa amekwisha kumtibu kwa njia ya wanawake wa zama zile: kumwingiza kidole kooni na kulibonyeza kwa nguvu lile eneo lililovimba. Mtume (S.A.W.) hakuipokea tiba ile. Aliwauliza wanawake kwa kushangaa, kwa nini wanawaumiza watoto wao namna hii, kisha akawaelekeza kwenye udi wa Kihindi, yaani qusti, dawa iliyokuwa ikitumika wakati ule. Kisa hiki kimo katika Sahihi Bukhari, kitabu cha utabibu. Na Anas (R.A.) naye amepokea katazo la kuwaadhibu watoto kwa kuwabonyeza kwa sababu ya udhra.

Udhra ni nini hasa? Ibn Hajar al-Asqalani, aliyefariki mwaka 852 Hijria, katika sherehe yake ya Bukhari ameeleza kwamba ni maumivu ya koo, na akataja kauli ya waliosema kwamba udhra ni jina la lahaat yenyewe, maradhi yakaitwa kwa jina la kiungo. Lahaat! Kimeo!

Unaona, ndugu yangu? Swali la yule dada wa Lushoto lilikwisha kuulizwa Madina. Mtoto mdogo, koo linauma, mila inasema kiungo cha ndani ya kinywa kishughulikiwe kwa nguvu, na mama amefuata mila. Na Mtume (S.A.W.) akasimama upande wa mtoto.

Zingatia mambo matatu. Kwanza, hakumtukana Ummu Qays. Alijua ni mama anayempenda mwanawe na amefanya alilorithi. Pili, hakumwambia asimtibu. Alikataa tiba yenye mateso, akampa mbadala uliokuwepo. Tatu, kilichokatazwa kilikuwa kidole tu. Kama kidole kimekatazwa, vipi kisu?

WALIOSHIKA KISU NAO WALIOGOPA

Atatokea wa kusema: "Shehe, mbona matabibu wakubwa wa Kiislamu wameandika kukata kimeo?" Ni kweli, tuseme haki. Abul Qasim al-Zahrawi wa Andalus, aliyefariki karibu mwaka 1013 Miladia, katika kitabu chake kikubwa, al-Tasrif, ameweka mlango wa kimeo kilichovimba. Lakini soma masharti yake. Aanze na dawa. Uvimbe wa moto uachwe utulie kwanza. Akikuta kimeo ni cha mviringo, kimejaa damu, rangi imeiva, basi asikikate kabisa, kwa kuchelea damu isiyozuilika. Na hata pale panapostahiki, asikate zaidi ya kile kilichozidi umbile lake la kawaida, kwani ataharibu sauti na maneno ya mgonjwa.

Na Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alieleza katika Qanuni kwamba kimeo kina kazi: kupunguza ukali wa baridi ya hewa isiyapige mapafu ghafla, kuzuia vumbi na moshi, na kuisaidia sauti. Sayansi ya leo inaeleza kazi hizo kwa namna nyingine, lakini msimamo wake uko wazi: hiki si kiungo cha kutupa.

Linganisha na mwenendo wetu. Tabibu bingwa wa Andalus anasema kikiwa chekundu na kimevimba usikiguse. Sisi, kikiwa chekundu na kimevimba, ndipo tunaposema kimeiva, kikatwe!

HADI KWETU

Je, mila hii ni ya Waislamu peke yao? Hapana. Inapatikana sehemu nyingi za Afrika. Kwa Wahausa wa Nigeria, vinyozi wa jadi hukikata kwa watoto wachanga. Ethiopia inafanyika kwa Wakristo na Waislamu. Kwetu, mwaka 1965 madaktari Haddock na Chiduo waliandika katika jarida la kitabibu la Afrika ya Kati kuhusu ukataji wa kimeo pwani ya Tanzania. Ni mila ya watu waliokuwa wakitafuta dawa ya kikohozi. Si sunna, si tohara, wala haina thawabu.

Usambara nayo haikuwa kisiwa. Misafara ilipita chini ya milima hii. Krapf alipofika kwa mfalme Kimweri ye Nyumbai mwaka 1848, tayari kulikuwa na mafungamano na Pwani. Baada ya Kimweri kufariki mwaka 1862, mwanawe Semboja alikaa Mazinde, njiani kabisa, akifanya biashara na watu wa Pangani. Kwa njia hizo ulipanda Uislamu, zikapanda juzuu na kofia, na mila za kila aina zikapanda na kushuka pamoja na mizigo.

Lakini Wasambaa walikuwa na elimu yao ya uponyaji kabla ya hapo, na humo mna funzo. Mwanahistoria Steven Feierman, aliyewasikiliza wazee wa milima hii kwa miaka, ameandika kuhusu maneno mawili: kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kubana shi, yaani kuiharibu. Mfalme wa Vuga alipimwa kwa hayo. Mvua ikinyesha na chakula kikipatikana, ameiponya nchi. Njaa ikiingia, ameiharibu, na ukubwa wa kiti haukumwokoa. Aliulizwa matokeo.

Kipimo hicho kinafaa nyumbani pia. Kila mmoja wetu ni mchunga na ataulizwa alichokichunga. Hutaulizwa kama ulifuata kila alichosema jirani. Utaulizwa ulimponya mtoto au ulimharibu.

KWA NINI INAONEKANA INAPONYA?

Bibi zetu si wajinga. Waliona kwa macho: mtoto alikohoa, akakatwa, akapona. Lakini kikohozi cha mafua, kwa watoto wengi, huisha chenyewe ndani ya wiki mbili tatu. Mtoto hupelekwa kwa mkata kimeo siku ambazo kikohozi kimekomaa, na baada ya hapo kinaelekea kwisha. Kisu kinachukua sifa ya siku zilizopita.

Tena, mtoto mwenye koo linaloumwa ukimfungua kinywa, kitu cha kwanza unachokiona ni kimeo chekundu kinaning'inia. Jicho linamshika aliye mbele. Lakini kimeo pale ni jirani aliyeunguzwa na moto wa nyumba nyingine. Moto wenyewe unaweza kuwa mapafuni: nimonia, pumu, kifaduro, kifua kikuu. Huko kisu hakifiki.

Na tuseme ukweli: wengi waliokatwa wako hai na wanazungumza vizuri. Mkataji alichukua ncha tu, Allah akawasitiri. Lakini wapo waliotoka damu usiku kucha. Kisu kichafu huleta pepopunda na usaha, na kikitumika kwa mtoto baada ya mtoto huweza kuambukiza virusi vya UKIMWI na homa ya ini. Na mkono ukiteleza ukala kaakaa lenyewe, pazia haliwezi tena kufunga: maziwa yanatokea puani, maneno yote yanapita puani, na yule mtoto ustadhi atamrudisha qafu mara mia bila kujua kwamba mlango umevunjwa.

HUKUMU

Kanuni ya fiqhi iko wazi: madhara huondolewa, na dhara haliondolewi kwa dhara mfano wake. Na katika Sunan Abi Daud imepokewa kwamba anayejitia utabibu ilhali hajulikani kwa utabibu, basi ni mdhamini wa anachokiharibu. Mkata kimeo asifikiri kwamba "ni mapenzi ya Mungu" inamvua dhima.

Daktari aliyesomea, akipima na kuona mtoto anahitaji upasuaji wa koo au kaakaa, hilo ni jingine. Mtoto aliyezaliwa na kaakaa lililopasuka, kwa mfano, hospitali humshona, na kumpeleka ni kumtendea wema.

Ama utii kwa wazazi na wakwe ni mkubwa, lakini hauvuki kumdhuru asiyeweza kujitetea. Kataa kwa adabu. Sema: "Mama, nimekusikia. Twende sote hospitali kwanza." Mchukue naye. Usimwache nyumbani akihisi amedharauliwa.

Na usingoje. Mtoto akipumua haraka haraka, kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, akishindwa kunyonya au akilegea, ni siku hiyo hiyo, hata usiku. Kikohozi kikivuka wiki mbili, au akipungua uzito, apimwe. Na chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14 usizikose, ndani yake mna kinga ya kifaduro, dondakoo na pepopunda.

YULE DADA

Mtanuliza iliishaje. Kesho yake nilikwenda nyumbani kwao na mume wake. Nikampa bibi shikamoo, tukaketi jikoni penye moto, nikamsimulia kisa cha Ummu Qays kama nilivyokusimulia wewe. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema: "Mimi mwenyewe nilikatwa. Na wanangu wote niliwapeleka." Nikamwambia: "Mama, Ummu Qays naye alikuwa amekwisha kubonyeza. Hakulaumiwa kwa alichokuwa hakijui." Na wakati anazungumza, alikuwa akikohoa. Nilidhani ni moshi.

Walikwenda wote hospitali. Mtoto alikutwa na kifua kikuu. Wakapima nyumba nzima, na bibi naye akakutwa nacho. Yeye ndiye aliyekuwa akilala na mjukuu kitanda kimoja, kwa mapenzi, kumkinga na baridi. Dawa zilikuwa za bure. Walizinywa pamoja mpaka zikaisha, na bibi ndiye aliyekuwa akimhesabia mjukuu wake siku.

Laiti wangekwenda kwa mzee mwenye kisu, mtoto angetoka damu, kikohozi kingebaki, na bibi angeendelea kuugua bila mtu kujua.

Ewe Mola wetu, tuhifadhie watoto wetu, wape afya wazee wetu, na utujaalie tuwe wenye kuponya, si wenye kuharibu. Amin.

Mwenye bibi au mama nyumbani, msomee darsa hii kwa sauti. Na wewe uliyekatwa kimeo utotoni, au uliyempeleka mwanao, tuandikie hapo chini ilikuwaje, mwingine afaidike.

Wallahu a'lam. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.